Mali Bila Daftari: Mnunuzi Anaposema "Kimefika Kimevunjika"

Kile kipindi chetu cha kuuza vitu vya nyumbani mtandaoni kimetuletea ujumbe mwingi kuliko tulivyotarajia, na karibu wote unauliza jambo moja. Si bei, si namna ya kupiga picha nzuri. Watu wanauliza hivi: nimeuza kitu kizima, nimekituma kikiwa kizima, halafu siku mbili baadaye mnunuzi ananiandikia kwamba kimefika kimevunjika na anataka hela yake. Simwamini. Nifanyeje?

Swali zuri, na jibu lake halikutosha kwenye dakika arobaini za maiki, kwa hiyo nimekaa nikaliandika. Nitaongea zaidi kuhusu Uingereza kwa sababu huku ndiko ninakoishi na sheria zake ndizo ninazozijua. Walio Marekani, Oman au Dubai, majina ya sheria yatabadilika, lakini kazi yenyewe ni ile ile.

Na kazi yenyewe ni hii: kumshuku mtu si ushahidi. Unaweza kuwa na hakika moyoni kwamba unaibiwa, na bado ukashindwa, kwa sababu anayeamua hakujui wewe na wala hamjui yeye. Ana skrini mbele yake, upande mmoja maneno yako, upande wa pili maneno ya mnunuzi. Mwenye kumbukumbu ndiye anayesikilizwa. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa wanaongelea duka. Leo duka ni simu yako, na daftari ni zile picha ulizopiga, au hukupiga, kabla ya kufunga boksi.

Mbona mnunuzi anasikilizwa kwanza?

Tuanze na hasira, maana najua wengi mnayo. "Mbona programu zote hizi zinamtetea mnunuzi?" Zinamtetea, ndiyo, na kuna sababu.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni rahisi. Muuzaji anajua gari lake lina ugonjwa gani, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, anaogopa kulipa bei nzuri hata kwa gari zima. Wenye magari mazuri wanaona bei haiwafai, wanajitoa, na sokoni yanabaki mabovu. Mwaka 2001 Akerlof alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya aina hiyo.

Mtandaoni tatizo hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu mnunuzi hata kugusa hagusi. Mtu asiyekujua kabisa anakutumia pauni 150 kwa kuangalia picha sita na maneno yako. Bila ahadi kwamba anaweza kurudishiwa hela, nani angenunua kwako? Yaani ile ahadi inayokuudhi leo ndiyo iliyokuletea mteja jana.

Sasa ziangalie saa zenyewe. Kwenye eBay, mnunuzi ana siku 30 tangu kitu kifike za kusema hakifanani na maelezo, na muuzaji ana siku tatu za kazi za kulishughulikia kabla mnunuzi hajaomba eBay waingilie. Hata ukiandika kwamba hupokei kitu kikirudi, ahadi hiyo bado inamlinda. Tena tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya. Vinted, kampuni iliyoanzia Lithuania mwaka huo huo wa 2008, inampa mnunuzi siku mbili baada ya kupokea. Akinyamaza, hela zinaachiwa kwa muuzaji. Anayelipa kwa PayPal kwa njia ya manunuzi naye ana muda wake wa kufungua malalamiko.

Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma ya pale unapouzia. Ninayataja ili uone kwamba saa inaanza kutembea kabla hujamaliza kukasirika.

Wewe ni nani mbele ya sheria?

Hapa wengi wetu tunachanganya mambo. Ukiuza sofa yako mwenyewe, simu yako ya zamani, gauni ulilovaa harusi moja, wewe ni mtu binafsi. Sheria ya Uingereza inakudai hasa kwamba kitu kifanane na ulivyokieleza na kwamba usidanganye. Hukuandika kwamba kipya? Basi hakuna anayeweza kukulaumu kwa kuwa si kipya.

Lakini kama unaleta khanga kutoka Dar au abaya kutoka Dubai ili uuze, wewe ni mfanyabiashara, hata kama duka lako lote liko chini ya kitanda. Hapo sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inakuhusu moja kwa moja. Kwa kawaida mzigo uko juu yako mpaka mteja aushike mkononi. Dereva akiuangusha njiani, ugomvi na kampuni ya vifurushi ni wako, si wa mteja. Mteja ana siku 30 za kukataa kitu kibovu na kudai hela zake zote. Na kwa kuwa amenunua mtandaoni, kanuni za mwaka 2013 zinampa siku 14 za kughairi hata bila sababu, isipokuwa kwa vitu vichache, kwa mfano nguo uliyomshonea kwa vipimo vyake mwenyewe.

Kwa nini haya ni muhimu? Kwa sababu madai mengine yanayoonekana kama utapeli ni mteja anayedai haki yake kwa lugha mbaya. Kabla hujamwita mwizi, jiulize kama angestahili hela hizo hata asingekuambia kitu kimevunjika.

Sura nne za madai

Ukiondoa wale wanaosema kweli, na hao ni wengi, kuna sura nne utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni kubadilisha. Mtu ana chake kilichokufa, ananunua chako kizima cha aina ile ile, anakurudishia kile cha kwake. Simu, kompyuta, saa, mashine za kahawa, vyote hufanyiwa hivi. Wengine hawabadilishi kitu kizima, wanachomoa kifaa cha ndani tu.

Ya pili ni kuvua punguzo. "Kina mkwaruzo, lakini nimekipenda, nirudishie pauni 40 yaishe." Hataki kukirudisha. Anataka bei ambayo asingeipata kwa kuomba.

Ya tatu ni kukodi bila kulipa kodi. Gauni linanunuliwa Jumatano, linacheza ngoma Jumamosi, Jumatatu linarudi na dai kwamba zipu imeharibika na kwamba lilifika hivyo. Wenzangu mnaouza nguo za harusi majira ya kiangazi, najua mnacheka kwa uchungu.

Ya nne ni ya siku hizi: picha iliyochezewa. Zamani kutengeneza picha ya kioo kilichopasuka kulihitaji utaalamu. Sasa mtu anaiambia programu ya akili mnemba "weka ufa hapa", na ufa unatokea.

Sura zote nne zinategemea kitu kimoja: kwamba wewe huna kumbukumbu ya kitu chako kilivyokuwa.

Cherehani ya Mama

Mama aliuza cherehani yake mwaka juzi. Ilikuwa Singer ya mkono, ya chuma cheusi chenye mapambo ya dhahabu, iliyotengenezwa kwenye kiwanda cha Clydebank kule Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Alishonea sare zetu za shule kwa hiyo cherehani, na mapazia, na nguo za idi za nusu ya mtaa. Vidole vyake sasa vinauma, havishiki tena gurudumu. Akasema, kuliko ikae kabatini, bora apate mtu wa kuitumia na hela zimsaidie tiketi ya kwenda Mombasa kumwona dada yake. Tuliiweka kwa pauni 140 na ikaondoka ndani ya wiki.

Siku ya tatu baada ya kufika, ujumbe: bamba la chini limepasuka, mkono umevunjika, maelezo yenu ni ya uongo. Picha mbili, zote za karibu sana.

Mama alisoma lile neno "uongo" mara tatu. Halafu akaniambia, "Mwanangu, mrudishie hela zake. Sitaki kula haramu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu kama Mama ni windo rahisi. Si kwamba hawajui simu. Ni kwamba wana dhamiri. Ukimwambia mtu mwaminifu kwamba amekudhulumu, kitu cha kwanza anachokagua ni nafsi yake, si madai yako. Na aibu ya kuitwa muongo inamuuma kuliko pauni 140.

Nilimwambia, "Mama, kama imevunjika tutamrudishia senti zote. Kwanza tuone kama ni yako."

Cherehani hizo za Singer zina namba iliyogongwa kwenye bamba, herufi kisha tarakimu. Ya Mama ilianza na EK, na tulikuwa na picha yake, kwa sababu wanunuzi wa mashine za zamani huitumia kujua umri wake. Tulikuwa na video ya Mama mwenyewe akishona mstari mmoja, na ya kufunga boksi, na risiti yenye uzito. Nikamwandikia mnunuzi: pole kwa usumbufu, tafadhali tuma picha ya mashine nzima, ya namba iliyo kwenye bamba, na ya boksi pande zote.

Akatuma picha tano. Namba haimo hata moja. Nikaomba tena, kwa maneno yale yale. Akajibu kwamba hana muda wa michezo, ila tukimpa pauni 90 ataibakisha na kuitengeneza mwenyewe.

Mama akasema, "Heri nusu shari kuliko shari kamili." Ni methali nzuri, na maishani imeniokoa mara nyingi. Lakini hapa ndiyo hasa anayoitegemea mtu anayevua punguzo: kwamba utahesabu pauni 90 kuwa nafuu kuliko 140, wakati bado hujajua kama unadaiwa hata moja. Nikajibu: tunapokea mashine irudi, tukiipata kama ilivyo tutarudisha hela zote.

Ikarudi baada ya siku nane. Tulifungua boksi mbele ya kamera, Mama ameshika mkasi. Cherehani nyeusi, mapambo ya dhahabu, bamba limepasuka kweli. Namba inaanza na EF.

Mama aliiangalia kama mtu anayeangalia mtoto wa mwenzake aliyevaa nguo za mwanawe. "Hii si yangu," akasema. Sijawahi kusikia ahueni kama ile kwenye sauti ya mtu aliyekuwa anaibiwa. Hakuwa amemdhulumu mtu.

Jibu la kwanza la kampuni ya mtandao lilikuwa la mashine: kitu kimerudi, rudisha hela. Tukakata rufaa tukiwa na picha mbili za namba zikiwa pamoja, video mbili na tarehe zote. Sentensi sita, hakuna tusi. Jibu la pili liliandikwa na binadamu, na hela zikabaki kwa Mama. Mnunuzi tulimwandikia kwamba mashine yake ipo, aje aichukue au alipie usafiri. Hajajibu mpaka leo.

Kabla ya kufunga boksi

Kumbuka kwamba yote yaliyotuokoa yalifanyika kabla ya ugomvi kuanza. Hii ndiyo orodha ninayoitumia sasa kwa kila kitu kinachozidi pauni 30.

Piga picha mchana, karibu na dirisha. Kitu kizima pande zote, halafu kila kasoro kwa ukaribu. Usifiche mkwaruzo. Mkwaruzo uliouonyesha mwenyewe hauwezi kugeuzwa dai, na tena ni alama ya kukitambua kitu chako kikirudi.

Chukua namba. Simu ina namba yake ya IMEI, utaiona ukibonyeza *#06#. Kompyuta, kamera, saa, mashine za jikoni, vingi vina namba mahali fulani, mara nyingi chini au ndani ya kifuniko cha betri. Kisichokuwa na namba kina alama: mshono uliopinda kidogo, doa, mstari wa mbao. Mipige picha hiyo mistari ya mbao, hakuna mbao mbili zinazofanana.

Onyesha kinafanya kazi. Sekunde thelathini za video zinatosha, kitu kikiwaka, namba ikionekana katika video hiyo hiyo.

Funga kama mtu anayejua kitaangushwa, maana kitaangushwa. Boksi ndani ya boksi kwa vitu vya kuvunjika, plastiki ya mapovu au karatasi zilizojazwa mpaka ukitikisa husikii kitu kinacheza. Chuma cha zamani kama cha cherehani ni kizito lakini hakipindi. Kikianguka vibaya kinapasuka kama chungu. Rekodi ufungaji bila kukata video, kuanzia kitu mpaka lebo yenye jina.

Pima uzito na utunze risiti. Boksi lililoondoka na kilo tatu na kurudi na kilo moja linajieleza lenyewe.

Na kabla ya kuchagua kampuni ya kusafirisha, soma orodha ya vitu ambavyo haivilipii fidia. Kioo, vyombo vya udongo na televisheni vimo kwenye orodha za makampuni mengi: wanavipokea, wanavibeba, lakini vikivunjika hawalipi. Angalia pia kiwango cha juu cha fidia. Huduma ya bei rahisi mara nyingi haifikii thamani ya kitu chako.

Ujumbe ukiingia

Usijibu ukiwa bado unatetemeka, lakini jibu siku hiyo hiyo. Na jibu ndani ya programu mliyouziana, usihamie WhatsApp hata akikuomba kwa upole. Yaliyosemwa nje hayaonekani na anayeamua, na ndiyo sababu wengine wanakuvuta huko.

Maneno yangu ni yale yale kwa kila mtu. Kwa Kiingereza bila shaka, ila maana yake ni hii: "Pole sana kwa usumbufu. Ili nilishughulikie haraka, naomba picha za kitu kizima, sehemu iliyoharibika, namba yake, boksi pande zote na vifungashio vya ndani. Tafadhali usitupe boksi, kampuni ya usafirishaji italihitaji."

Angalia hakuna neno la kushuku hapo. Mwaminifu anasoma na kuona unamsaidia. Mjanja anasoma na kuona kazi imekuwa ngumu. Humlazimiki kujua mapema yupi ni yupi.

Ukihisi picha imechezewa, usimwambie "hii ni feki". Omba nyingine: kitu kile kile kutoka upande mwingine, kikiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono tarehe ya leo na namba ya oda. Au video fupi akikizungusha. Picha ya kutengeneza mara nyingi haikubaliani na ya pili. Ufa unahama, kivuli kinageuka, herufi zinaharibika.

Akiomba punguzo, mwambie kirudi na arudishiwe zote. Mtu aliyepokea kitu kibovu kweli kwa kawaida hafurahii kubaki nacho. Akitishia kwamba atakupa nyota moja usipomlipa, piga skrinshoti, usibishane, ripoti. eBay kwa mfano inakataza kabisa kutumia alama kama silaha ya kudai zaidi ya kilichoahidiwa.

Usirudishe hela kabla ya kitu kufika na kukaguliwa mbele ya kamera, ila usipitishe tarehe uliyopewa pia. Watu wengi hawashindwi kwa uongo wa mnunuzi. Wanashindwa kwa sababu walinyamaza, siku zikapita, mfumo ukaamua wenyewe.

Na ukimwandikia anayeamua, andika kama unamweleza mtu aliyechoka, mwenye dakika mbili. Tarehe, picha, sentensi fupi. Usimwambie mnunuzi ni tapeli. Mwambie: namba niliyotuma ni hii, namba iliyorudi ni hii. Neno tapeli atalifikia mwenyewe.

Vikombe vya binamu yangu

Sasa niwaonyeshe upande wa pili, maana tukiishia kwenye cherehani mtadhani kila anayelalamika ni mwizi.

Binamu yangu aliye Birmingham aliuza seti ya vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Mnunuzi alikuwa na akaunti ya wiki mbili. Hana alama hata moja. Siku kilipofika aliandika kwa herufi kubwa tupu, bila salamu, kwamba vikombe vinne vimevunjika na anataka hela SASA HIVI. Dalili zote ambazo watu hutajiana mitandaoni zilikuwapo: akaunti mpya, haraka, ukali.

Binamu akatuma ule ujumbe wa pole na picha. Ndani ya saa moja picha zote zimefika. Boksi limebonyea kona moja kana kwamba limekaliwa, lebo inaonekana, vipande viko ndani ya karatasi ile ile aliyofungia binamu mwenyewe, na doa lililo chini ya sahani liko pale pale. Akarudisha hela siku hiyo. Jibu likaja, safari hii kwa herufi ndogo: kumbe vikombe vilikuwa zawadi kwa mkwe, na sherehe ni kesho yake.

Hasara ikabaki kwa binamu, kwa sababu vyombo vya udongo vilikuwa kwenye ile orodha ya kampuni ya vifurushi ya visivyolipiwa. Aliumia, lakini aliumia kihalali.

Ziweke kesi hizi mbili pamoja. Mnunuzi wa cherehani alikuwa na akaunti ya miaka, alama nzuri, Kiingereza safi. Wa vikombe alionekana mwizi toka herufi ya kwanza. Tungefuata hisia, tungemlipa mwongo na kumfukuza mkweli. Na tuseme ukweli: wengi wetu tunajua ilivyo kushukiwa na watu kwa ajili ya jina, lafudhi au namna ya kuandika. Mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani anaweza kusikika mkali wakati ana wasiwasi tu. Nisingependa kijana wa mwenzangu amfanyie mama yangu hivyo akiwa yeye ndiye mnunuzi.

Ikishindikana

Wakati mwingine una daftari lote na bado unashindwa. Hapo una njia tatu.

Rufaa ndani ya kampuni ya mtandao, ukitaja ni ushahidi gani haukuangaliwa. Dai kwa kampuni ya vifurushi kama uharibifu ni wa njiani, mapema, maana kila kampuni ina mwisho wake wa siku. Na kama kitu kimebadilishwa waziwazi, ripoti polisi: kudanganya kwa makusudi ili upate mali ya mtu ni kosa chini ya sheria ya ulaghai ya mwaka 2006, haijalishi limefanyika kwa simu. Usitegemee askari atabisha hodi kwa ajili ya pauni 60, lakini namba ya ripoti inasaidia kwenye rufaa. England na Wales kuna pia mahakama ya madai madogo, kwa madai ya kawaida ya hela yasiyozidi pauni 10,000. Kuna ada, na lazima uwe na jina na anwani ya kweli ya mtu, kwa hiyo pigia hesabu kwanza.

Kuna njia ya nne ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni kutotuma kabisa. Kitu kizito, cha kuvunjika, au ambacho roho yako haiwezi kukubali kukipoteza, kiuze kwa mtu wa mji wako. Aje, akiwashe, akishone, akiketie. Akiridhika, hela ziingie kwenye akaunti yako mbele yenu wote wawili, ndipo akibebe. Kutaneni mchana, mahali penye watu, au uwe na mwenzako nyumbani. Ndivyo wazazi wetu walivyouziana maisha yao yote, na bado ndiyo njia ambayo hakuna anayeweza kusema kilifika hivyo.

Kwa vinavyobaki, fungua folda moja kwenye simu leo, iite Daftari. Kila unachouza kiwe na picha zake, namba yake, uzito wake, risiti yake, na visifutwe mpaka muda wa malalamiko upite. Ni dakika kumi kwa kila kitu. Hizo dakika kumi zitakulinda na mjanja, ndiyo. Ila pia siku mtu mkweli akikuandikia kwa herufi kubwa, zitakuwezesha kumwamini bila kuogopa.